Mshono wa Usukani

Mdogo wangu, huyu aliyenifuata ziwa, ni fundi umeme wa magari. Gerejini walimwita Taratibu, maana ukimharakisha huweka bisibisi chini na kukutazama mpaka uone haya mwenyewe. Miaka thelathini na minane amelala chini ya dashibodi za watu, shingo ikapinda upande mmoja isirudi tena. Miaka hiyo yote nilikuwa banda la pili nikishona viti vya magari kwa cherehani ya mguu. Sijisifu, ila kazi yangu haijawahi kurudishwa.

Mwaka juzi tajiri, mwenye gereji, alinunua gari lililogongwa usoni. Mfuko wa hewa ulikuwa umetoka katikati ya usukani, umening'inia kama ulimi. Kuagiza mwingine hakutaka. Aliukata, akaniletea kifuniko cha usukani kimepasuka vipande.

"Mama, kiwambe hiki kisijulikane."

Nilikiwamba ngozi nyeusi, mshono mdogo kama mguu wa sisimizi. Hata mimi nilipokitazama sikuona palipopasuka. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Ikabaki taa ya dashibodi. Ukiwasha gari lililo zima, taa ya mfuko huwaka sekunde chache ikazimika. Ikiendelea kuwaka, ujue kuna hitilafu. Mdogo wangu akaiunga na taa ya oili, zikawa zinawaka na kuzimika pamoja kama mapacha.

"Dada," akaniambia, "tumemfundisha bubu kuitikia salamu." Wala hakucheka.

Gari lilinunuliwa na mkunga wa zahanati yetu, yule aliyewapokea wajukuu zangu wanne. Tangu siku hiyo mdogo wangu hakuwa mtu. Akisikia ving'ora barabarani anaacha kijiko hewani. Mke wake alidhani ni presha. Mimi nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka, naye kachoka, na uzeeni kazi huiachi mpaka ikuache.

Jumatatu moja asubuhi mkunga akaingia gerejini, bampa limepasuka.

"Fundi, nimegonga nguzo ya geti la zahanati! Nikasema leo nitauona huo mfuko. Kimya! Ni mzima kweli?"

"Ulikuwa unakwendaje?"

"Mwendo wa bibi harusi."

Mafundi wakaangua kicheko. Mdogo wangu akafuta mikono, polepole kama kawaida yake.

"Mwendo huo mfuko hautoki. Mbele ya gari kuna sensa, zinapima gari limesimamishwa kwa ghafla kiasi gani. Ukigusa nguzo, ukigongwa kwa nyuma, ukichubuliwa ubavuni, mfuko wa mbele hauna habari. Lakini ukivaa ukuta au gari mwenzio uso kwa uso kwa kasi, kikompyuta kinaamuru, kidonge kama cha baruti kinawaka ndani ya usukani, gesi inajaza mfuko kabla hujafumba jicho. Unakupokea kichwa na kifua, kisha unanywea wenyewe. Kazi yake mara moja tu, kama njiti ya kiberiti. Na mkanda ufunge, usikae umeukumbatia usukani. Bila mkanda mfuko wenyewe utakuumiza."

"Kumbe! Mtoto je, akikaa mbele?"

"Mtoto nyuma. Siku zote nyuma."

Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Tajiri, mlangoni pa ofisi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamgeukia mkunga. "Umeelewa, dada? Haya, safari njema."

"Ahsante, fundi. Ijumaa nampeleka mama yangu kijijini, saa sita za barabara kuu. Sasa roho imetulia."

Akafungua mlango wa gari. Mdogo wangu alikuwa bado amesimama na lile tambara mkononi. Nikaona shingo yake inajaribu kunyooka.

"Mkunga, ngoja."

"Kuna nini tena?"

"Niliyokwambia ni kweli, lakini si kwa gari hili. Humu hamna mfuko. Taa niliidanganya mimi."

"Taratibu!" tajiri akafoka. "Unajua unachokifanya?"

"Najua. Nimechelewa mwaka mzima."

Mkunga akanigeukia mimi. "Na wewe, bibi, ulijua?"

Nilichukua wembe wangu wa kazi nikaingia kwenye kiti cha dereva, nikaukata mshono wangu kwa mkono wangu. Ngozi ikafunguka. Ndani mlikuwa na matambara yamesokomezwa ili kifuniko kisibonyee, na matambara yale niliyajua: mabaki ya bitana yangu.

Mkunga akatia mkono, akayavuta moja baada ya jingine, akayapanga juu ya boneti kama anavyopanga nepi. Aliweka ufunguo juu yake, akamwambia tajiri, "Gari lako hilo," akaenda kituo cha basi kwa miguu.

Sisi tukaambiwa tukusanye vyetu. Vya mdogo wangu vilienea ndani ya mkoba mmoja. Cherehani tuliibeba wawili, tukapumzika mara tatu kabla ya kufika kwangu. Mara ya tatu aliikalia meza ya cherehani, akahema.

"Dada, ule mshono umeuchana ovyo. Sijawahi kukuona ukichana ovyo."

"Inuka," nikamwambia, "bado kona moja."