Sufuria ya Wageni

Harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi, hiyo ndiyo Mtito Andei yangu. Wengine wakitajiwa mji huo hufikiria ndovu wa Tsavo. Mimi hufikiria karai. Nilikuwa na miaka kumi tulipohamia huko kutoka kijijini Nuu, baba akiwa amepata kazi ya ulinzi katika kituo cha mafuta, na mama akafungua hoteli ndogo ya mabati iliyotazama barabara ya Mombasa. Malori yalisimama mbele yetu usiku na mchana, breki zikilia, matingo, wasaidizi wa madereva, wakiitana, na vumbi likiingia hadi kwenye kabati la mandazi. Kule Nuu nilizoea kusikia mbuzi wakikohoa ng'ambo ya bonde. Hapa sikujua nisikilize nini niache nini. Nilikuwa mtoto wa kurukaruka tangu hapo, lakini mwaka huo nilishindwa kabisa kutulia.

Nikiukumbuka sasa, najiona nimesimama tu. Hata kula tulikula wima. Meza tatu za hoteli zilikuwa za wateja, kwa hiyo mimi na mdogo wangu Mbithe, aliyekuwa na miaka mitano, tulikula nyuma ya jikoni kando ya pipa la maji. Asubuhi ilikuwa chai ya rangi na mandazi ya jana. Mchana tulipewa chips zilizobaki, zimepoa na kulegea, tukazimwagia tomato sosi mpaka zikaogelea. Jioni ni chips tena, au kipande cha chapati, na tukibahatika, soda aliyoiacha abiria wa basi kwa haraka. Kipande kikiwa bado mdomoni naitwa: Syombua, lete maji, Syombua, futa meza. Nikirudi sikumbuki kama nilikuwa nimeshiba au la. Na nisidanganye, tulifurahi kupita kiasi. Kule Nuu chips zilikuwa kitu cha kusimuliwa tu, na tulipokwenda likizo tulihakikisha binamu zetu wametuonea wivu wa kutosha.

Nyanya yetu hakukubali kwamba kuhama ni kuacha kula. Kila alipompata mtu anayesafiri, alimkabidhi gunia lipitie Kitui na Kibwezi mpaka kwetu. Ndani yake mlikuwa na muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa kinuni mpaka maganda yatoke, na mbaazi, na ndengu, na majani ya kunde aliyoyaanika mwenyewe juani, na ukwaju kidogo wa kunitia adabu, maana alijua nikiumumunya ninanyamaza. Mama alilifungua gunia hilo polepole, akaingiza mkono hadi kiwiko, akanusa. Kesho yake sufuria kubwa ilichemka tangu alfajiri. Lakini sufuria ile haikuwa yetu. Madereva waliochoka na viazi vya njiani walikuwa wameugundua muthokoi wa mama, na walijua siku gunia lilipofika kabla sisi hatujajua. Mmoja wao, Bakari, mtu wa Pwani mwenye kofia nyeupe isiyoshika vumbi, alikuwa akiingia akisema, "Mama Syombua, nimekuja na njaa yangu yote. Viazi wape wengine." Mama alicheka na kumjazia sahani mpaka ukingoni.

Mtu asimfikirie mama vibaya, tutakosana. Alilelewa kama tulivyolelewa wengi Ukambani: mgeni hupewa kilicho bora, tena kwanza, na watoto husubiri kitakachobaki. Kule Nuu, ambako mgeni alikuja kwa nadra, desturi hiyo haikumdhuru mtoto yeyote. Mtito Andei kila saa ni mgeni, na hakuna kilichobaki. Isitoshe, mama aliamini kwa moyo wake wote kwamba anatupa kizuri zaidi. Chips ni chakula cha kununuliwa, cha watu wenye haraka zao na fedha zao. Muthokoi ni chakula cha nyumbani, cha watu ambao hawakuwa na kingine. Alikuwa anatutoa kwenye shida, sahani moja baada ya nyingine.

Mbithe ndiye aliyeanza kubadilika. Kwanza aliacha kunifuata. Mimi nikikimbia kwenda kuhesabu magurudumu ya malori, yeye anakaa chini, mgongo ukutani, akinitazama tu. Halafu nikamkuta akikwangua udongo wa ukuta wa jirani kwa ukucha na kuulamba. Nilimwambia mama, mama akamchapa kidogo mikono na kumnunulia dawa ya minyoo. Udongo hakuuacha. Viganja vyake vikapauka, midomo ikawa na rangi ya majivu, na kila alipopanda ngazi mbili za duka la mkaa alipumua kama mzee. Mimi nilikuwa na hasira naye, sijui kwa nini. Nadhani niliogopa. Kisha Jumapili moja, akiwa amesimama mbele ya kanisa na watoto wenzake kuimba, alianguka chini, na wimbo ukaendelea mistari kadhaa kabla ya watu kuelewa.

Katika zahanati muuguzi alimfunua kope, akamtazama ulimi, akamtoa damu kidogo ya kupima. Kisha akamuuliza mama mtoto anakula nini. Mama alijinyoosha. "Anakula vizuri, sista. Sisi tuna hoteli. Chips kila siku, mandazi, chai, hata soda."

"Na kabla hamjaja huku, alikuwa anakula nini?"

"Ah, vya nyumbani tu. Muthokoi na mbaazi. Kunde. Maziwa, ng'ombe akiwa nayo."

"Hivyo sasa vinaliwa na nani?"

Mama alimvuta Mbithe karibu. "Wageni," akasema. Muuguzi hakumkaripia. Alisema damu ya mtoto imeshuka sana, kwamba ikishuka zaidi itabidi apelekwe hospitali kubwa kuongezewa, na wengine hufikishwa huko wakiwa wamechelewa. Akatupa dawa ya maji na kutuonya tusimpe chai pamoja na chakula, kwa sababu inazuia damu kujengeka. Kwenye njia ya kurudi mama alimbeba Mbithe mgongoni, naye Mbithe alikuwa mzito wa kubebwa, lakini mama hakutaka nimpokee. Alikuwa analia bila sauti. Sikuwahi kumwona mama akilia njiani, mbele ya watu.

Siku iliyofuata Bakari aliingia na njaa yake. Sufuria ilikuwa inatoa mvuke. Mama akamwambia haiuzwi. Bakari akadhani ni utani, akavuta kiti. "Haiuzwi, baba. Ni ya watoto." Akatuita kutoka nyuma ya jikoni, akatukalisha kwenye meza ya mbele kabisa, mbele ya wateja wote, na kutupakulia. Kulikuwa na minong'ono. Mwanamume mmoja alisema hoteli gani hii, akaondoka, na wengine hawakurudi tena. Bakari alikula chips siku hiyo, ameinamisha kichwa, na alipomaliza alimpapasa Mbithe kichwani.

Mngedhani Mbithe alishukuru. Thubutu. Alitema muthokoi kwenye meza, akasusa, akalilia chips kwa sauti ya kuwafukuza wateja waliosalia. Mama aliketi naye. Watu wakiita chai, wakigonga vijiko, yeye ameketi, anasaga mbaazi kwa uma na kumngoja afungue mdomo. Mimi niliyekuwa siwezi kukaa nikakaa, kwa sababu niliambiwa nisipokula mimi naye hatakula. Wiki hizo zilikuwa ndefu. Kila nilipoamka nilimtazama kwanza kama bado anapumua. Kisha siku moja nikasikia hatua nyuma yangu barabarani, nikageuka, na alikuwa yeye, anakimbia, ameniibia ukwaju wangu. Nilimfukuza mpaka kituo cha mafuta nikicheka na kulia pamoja.

Leo ninaishi Wote. Nakula chakula cha mchana nikitazama kompyuta, na wanangu hula chao wakitazama simu, na nikiwauliza walichokula hawakumbuki. Nikipita Emali naona magunia ya ndengu za mashambani mwetu yakipakiwa kwenda Nairobi, na kando yake vijana waliozipanda wamesimama wakila viazi vya kukaanga kwenye karatasi, jicho moja barabarani. Sina haki ya kuwahubiria. Ninajua ladha yake. Lakini nikiwaona hivyo siwezi kukaa kimya ndani ya gari, na wanangu wameshachoka na maneno yangu.

Mbithe mwenyewe hakumbuki ugonjwa, ila mwaka ule huuita mwaka wa chips na kusema ndio uliokuwa mtamu kuliko yote. Desemba iliyopita ilikuwa siku ya ntheo yake, mila yetu ya kuthibitisha ndoa, upande wa bwana harusi walipoleta mbuzi. Wazee wao waliketi uwanjani wamekwisha kunawa mikono, wakingoja. Mama alipakua sahani ya kwanza, akawapita wote nayo, akaingia ndani kwa Mbithe. Mjomba wetu alimfuata mlangoni akimnong'oneza kwamba anatuaibisha, wageni wanaona. "Waone," mama akasema. Mbithe akacheka, akasema hana njaa, awape wakwe kwanza. Mama hakucheka. Alisimama pale, mkono kiunoni, sahani mbele ya binti yake, mpaka alipomwona amemeza.