Saa ya Mzee Mhina Ilivyokwenda Mombo

Chekeni tu jamani, mimi nimeshazoea, na hata nyumbani kwangu mke wangu ndiye kiongozi wa wanaonicheka. Lakini siku ile, wallahi, kama udongo wa Handeni ungekuwa laini kidogo ningejichimbia humo humo kwa kucha, bahati mbaya kilikuwa kiangazi, ardhi ngumu kama kisogo cha ngiri, ikabidi nibaki nimesimama pale pale kijiji kizima kinitazame.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, tumehamishiwa kijiji kipya ng'ambo ya Chanika, nyumba zimepangwa mstari kama meno ya kitana, na kila mtu mzima asiyejua kusoma anaingia darasani alasiri akitoka shamba. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuelewa. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kishambaa anaitwa Yohana, katoka huko milimani juu ya Mombo, mpole, ana vitabu vingi kuliko nguo, na kosa lake lilikuwa moja tu: ukimwuliza swali, anajibu.

Sasa mimi nikamwuliza. Nilimwambia, "Mwalimu, kila saa inarekebishwa kwa kutazama saa nyingine, je, ile saa ya kwanza kabisa duniani waliirekebisha kwa kutazama ipi?" (Swali hilo lilikuwa linaninyima usingizi, kweli tupu, na mimi usingizi naupenda kuliko wali.) Mwalimu akaweka chaki chini, macho yakamng'aa kama amepata ndugu aliyepotea, akaanza kutueleza kwamba muda si mmoja kwa watu wote, kwamba saa inayokwenda kasi inabaki nyuma kuliko saa iliyotulia, na mtu akisafiri kasi mno anaweza kurudi akawakuta wenzake wamezeeka kuliko yeye. Akaongeza kwamba kuna vitu vidogo kuliko vumbi ambavyo kabla hujavitazama huwezi kusema viko hapa au kule, ni kama viko kote kote.

Nikanyoosha mkono. "Basi Mwalimu, jana mimi nilikuwa shamba la kijiji, ila Mwenyekiti hakunitazama vizuri."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa kwenye benchi la nyuma anahangaika na herufi yake. Hakuinua hata kichwa. "Nilitazama. Ulikuwa kitandani."

Darasa zima likacheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Mwajabu, binti wa Mzee Mhina, na hapo ndipo pabaya penyewe, maana Mwajabu ndiye nilikuwa nimempelekea posa. Baba yake, Mzee Mhina, muadhini wa msikiti wetu, hakuikataa posa wala hakuikubali, alisema neno moja tu mbele ya washenga wangu: "Binti yangu simpi mtu wa mdomo. Aje siku anionyeshe jambo moja alilolianza akalimaliza." Washenga wakanitazama. Na mimi nikajitazama. Kibanda cha kuku nilichokuwa nimekianza kilikuwa bado hakina paa, na kuku wenyewe walishaliwa.

Basi nikaona hili la muda ndilo jambo langu. Mzee Mhina alikuwa na saa mbili, na ndizo zilikuwa saa pekee kijijini (ya Mwalimu ilinyeshewa na mvua za Lushoto ikafa). Moja ya mnyororo, inakaa msikitini, na nyingine ya mkono, kaletewa na mwanawe anayefanya kazi kwenye mkonge huko Korogwe. Zote mbili kazitega mwenyewe, zinakwenda pamoja kama ng'ombe wa jembe. Nikamwendea, nikamwamkia shikamoo mpaka goti likagusa chini, nikamwambia, "Mzee, niazime ya mkono niende nayo Mombo kwa basi nirudi, ile ya msikitini itulie, tuone kama Mwalimu anasema kweli."

Mzee akaufunika kwa kiganja mkono wenye saa. "Na utarudi?"

"Nitarudi, Mzee, tena kijana zaidi."

Kesho yake saa moja asubuhi, mbele ya mashahidi, saa zote mbili mshale mfupi ukiwa kwenye moja sawasawa, nikapanda basi. Na hapa sasa ndipo nilipojimaliza. Nimekaa kitini nimevaa saa, nikawaza: hapa ndani upepo hakuna, ila kule mlangoni anakoning'inia kondakta shati lake linapepea kama bendera ya sikukuu, maana yake kasi yote iko mlangoni! Nikaona nikibaki nayo hapa nitaipunja saa ya watu. Nikamwita kondakta, "Ndugu yangu, nivalie hii saa mpaka nitakaposhuka, ni kazi ya elimu." Akavaa, akafurahi, na mimi safari nzima nikawa namkodolea macho mkono wake, Korogwe tukapita, Mombo nikala wali na maharage nikiwa na moyo mweupe kabisa, tukageuza. Dereva nilimwomba akimbize, na kwa kweli alikimbiza, kuna kona moja nadhani tuliipita kabla hatujaifikia.

Tulipofika jua linateremka. Kondakta akanivua saa. Nikatazama. Mshale mfupi uko kwenye tano! Ndugu zangu, mwili wote ulisisimka. Nimeondoka saa moja, jua linaelekea magharibi, na saa inasema ndiyo kwanza saa tano!

Nilikimbia. Kondakta naye, kwa kuwa basi lilikuwa linalala Chanika, akanifuata akaone hiyo elimu. Mbele ya darasa nikakuta kijiji kizima kinanisubiri (nilikuwa nimetangaza wiki nzima, mpaka mbuzi walijua), na Mzee Mhina kaleta saa ya mnyororo juu ya kitambaa. Ya kwake inasema kumi na moja. Nikaiweka ya kwangu pembeni. Tano.

Watu wakapiga yowe. Nikapanda juu ya benchi, sikuambiwa na mtu, nikaanza kuhutubia. Nikasema Mombo tu imenipunguzia nusu siku, Tanga itapunguza siku nzima, na mwenye moyo wa kufika Dar es Salaam na kurudi basi mama yake amwandalie uji.

Bibi Zaina, kikongwe wetu, akajikongoja mpaka mbele. "Athumani mjukuu wangu, mimi nataka goti tu. Kwingine kote kubaki kama kulivyo."

"Goti ni safari mbili, bibi."

Mtu mwingine akauliza kama mahindi mabichi akiyapandisha basi yatabaki mabichi, Mwenyekiti akaanza kusema kwamba wazee waende kwa zamu, na Mwajabu, nilimwona kwa macho yangu, alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mwezi mwandamo. Ni Mwalimu Yohana peke yake aliyekuwa hana raha. Kaishika ile saa, anatazama mshale, anatazama jua.

"Athumani, hii ilikuwa mkononi mwako muda wote?"

"Hapana, Mwalimu, ilikuwa kwa kondakta. Mlangoni, kwenye kasi."

Kondakta akajitokeza, kifua mbele. "Na mnishukuru! Saa yenu ilikuwa imepinduka. Saa moja asubuhi mshale mfupi unakuwa kwenye saba, dunia nzima, ya kwenu iko kwenye moja! Nikasema huyu ndugu ataaibika huko aendako. Huko Mombo, yeye akila wali, nikaizungusha, nikaiweka sawa. Wala sikutaka asante."

Kikapasuka kicheko ambacho, siwadanganyi, kunguru waliokuwa wamekaa kwenye paa waliruka hawakurudi mpaka masika.

Mzee Mhina ndiye hakucheka. Alikuwa amekasirika, tena si kwangu. "Saa yangu haijapinduka hata siku moja! Mimi naitega kama ninavyotamka, nikisema saa moja mshale uko kwenye moja. Ninyi mnaotazama saba mkasema moja ndio mmepinduka!" Wakabishana yeye na kondakta mpaka mate yakaruka. Kisha Mzee akanigeukia, mimi bado niko juu ya benchi, nimesahau namna ya kushuka. "Na wewe, kwako bado ni saa tano asubuhi, sio? Basi usinijie kwangu wakati wa chakula cha jioni. Hakijafika."

"Na goti langu?" akauliza Bibi Zaina, na hilo ndilo liliniumiza kuliko yote.

Nilijua posa imekwenda na maji. Nikashuka, nikamrudishia Mzee saa yake kwa mikono miwili. Ndipo nikasikia sauti kutoka walipokaa akina mama.

"Mwalimu, lakini hatujapata jibu." Alikuwa Mwajabu. "Saa iliguswa, kwa hiyo hatujui. Irudiwe. Na safari hii ifungwe kwenye kitambaa, fundo nifunge mimi."

Mzee akaitega upya ilingane na ya msikitini, naye Mwajabu akafunga fundo ambalo hata mkwezi angelisalimia. Kesho yake nikapanda basi lile lile, kondakta yule yule, abiria wananiuliza, "Vipi, mtoto, hujambo?" nami nimekumbatia kitambaa kama nimebeba yai. Niliporudi Mwajabu akalifungua fundo lake mwenyewe mbele ya watu. Saa zote mbili zikasema kitu kimoja. Hata unywele haukupita kati yazo.

Watu wakaguna. Mwalimu Yohana peke yake akawa anacheka kwa furaha. "Hilo nalo ni jibu! Basi halina mwendo wa kutosha. Tofauti ipo, ila ni ndogo, mishale hii haiwezi kuionyesha."

"Yaani kweli nimerudi kijana?"

"Kidogo sana, Athumani. Hata kope hupati nafasi ya kuipepesa humo."

Mzee Mhina akaiviringisha saa kwenye kitambaa taratibu. "Nilidhani huyu ana mdomo tu. Kumbe kuna mtu anaweza kuchekwa na kijiji kizima, na kesho yake akapanda basi lile lile akamalize kazi." Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa anatazama chini, kisha akanigeukia. "Washenga wako waje Ijumaa. Binti yangu ataweza kukaa na mtu wa kuchekwa, maana naye anacheka sana."

Basi mimi nimeapa, na kiapo hiki nimekishika mpaka leo: sipandi tena juu ya benchi kutangaza jambo kabla sijauliza nani kaigusa saa. Maswali sijaacha, nina mengi kuliko kuku. Na kila nikirudi kutoka Mombo, Mwajabu ananishika kidevu, ananigeuza huku na huku kwenye mwanga, anahesabu mvi, halafu anasema, "Mh. Bado."

Namwambia asikate tamaa, siku hizi magari yanakimbia kuliko zamani.