Kipande cha Tano

Chamima Abudo alikuwa na ulimi mkali, na mtu asikudanganye kwamba vita vilimpunguzia. Pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kwenye kibanda chake cha vitabu jirani na wauza samaki, mteja hakuchagua kitabu. Alichaguliwa. Unyooshe mkono kwenye kitabu cha mapenzi, usikie: "Weka chini hicho! Mke umemwacha juzi tu, mapenzi ya kwenye karatasi utayafanyia nini? Chukua hiki cha wezi, kitakuchangamsha." Ungenung'unika, ungekichukua, na wiki haijaisha ungerudi kuuliza kama kuna kingine cha wezi.

Vitabu alivifuata Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, akirudi na sanduku la bati. Siku ya kulifungua sanduku, kibanda kilijaa watu mpaka nje. Watoto wa chuo cha Kurani waliwekewa hadithi za sungura na fisi. Bibi zao waliwekewa mawaidha ya herufi kubwa. Kungwi mmoja, mtu mzima na heshima zake, alikuwa akitaka vitabu vya wachawi na mauaji tu, na Chamima alimfungia kwenye gazeti ili wanawali wake wasimwone. Kila mtu alikuwa na chake, na Chamima alikijua kabla ya mwenyewe.

Halafu gesi ikapatikana baharini, na Palma ikaota pembe. Wakaja wachimbaji, walinzi, wapishi, wakalimani, na vyumba vya kupanga vikawa taabu kupata. Vijana wote sasa walitaka kitabu kimoja tu, cha kujifunza Kiingereza upesi. Chamima aliwauzia huku akiwasuta. "Haya someni, someni. Mtaisalimia gesi kwa lugha yake, nayo itawapita vilevile." Hakukosea sana, maskini. Mvuvi mmoja, Amisse, ambaye kijiji chao kilihamishwa kupisha mitambo, alikuja siku moja akaomba kitabu cha kulima mboga. Mtu aliyekua na mshipi mkononi! Huyo Chamima hakumsuta. Alimtafutia kitabu, akakataa kulipwa, na alipoondoka aliwalaani waliostahili kulaaniwa kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza samaki.

Sasa, riwaya nene zilikuwa chache na wasomaji wengi. Kwa hiyo Chamima alikuwa na desturi yake. Riwaya mpya ikifika, aliikata kwa wembe vipande vitano, kila kipande akakishona kwa uzi wa nyavu na kukivisha jalada la mfuko wa saruji, maana mifuko ya saruji siku zile ilikuwa tele. Unaanza na cha kwanza. Ukikirudisha, unapewa cha pili, na hicho cha kwanza kinakwenda kwa jirani yako. Sheria zilikuwa mbili: huruki kipande, na humwambii mwenzio mwisho. Karani mmoja wa bandarini aliwahi kuropoka mwisho wa kitabu sokoni, akafungiwa kibanda, akabembeleza mfungo mzima. Chamima mwenyewe alisoma kwa zamu kama wengine. Alisema mpishi anayekula kabla ya wageni hana haya.

Riwaya ya mwisho kuikata pale Palma ilikuwa ya mwanamke anayeshtakiwa kwamba alimtilia mumewe sumu. Mume ni tajiri wa nazi, mbahili, mkali, na asubuhi moja anakutwa maiti kitandani. Mke anapelekwa mahakamani. Lo, mji uligawanyika! Watu waligombana kwenye foleni ya maji na kwenye msiba wa watu. Chamima aliapa kwamba mke ndiye. "Mume wa namna ile hata mimi ningemtilia," alisema.

Dalila, binti yake wa pekee, akacheka. Alikuwa msichana mwenye kicheko cha kuudhi, cha mtu anayejua jambo. "Mke hana hatia, mama. Kasome tena kipande cha pili."

"Nimekisoma mimi kabla yako."

"Umekisoma, hukukitazama."

Basi wakawekeana ahadi: atakayeshindwa atachota maji mwezi mzima. Kuchota maji ilikuwa kazi ya Dalila, naye aliichukia kazi hiyo kuliko zote.

Zamu ya kipande cha tano ikamwangukia Dalila kabla ya mama yake. Alikikunja, akakichomeka kiunoni ndani ya kanga, akashika njia ya Pundanhar kwenda kuchuma kisamvu shambani kwa shangazi yake. Alipofika nje ya uzio akageuka. "Leo namaliza, mama! Ndoo yako kaitafutie ngata mapema!"

"Ole wako unidokeze!" alijibu Chamima.

Maneno yao ya mwisho yakawa hayo. Watu wengine waliagana na watoto wao kwa dua, yeye aliagana na wake kwa ole wako. Mchana huo risasi zikaanza kulia, na watu wa msituni, wale waasi wa bunduki na mapanga, wakaingia mjini. Chamima alitaka kukimbilia Pundanhar, majirani wakamshika mikono yote miwili wakamburuta upande wa pwani. Kibanda kiliungua na kila kilichokuwamo. Alilala vichakani na wenzake, akanywa maji ya madimbwi, mwishowe akapakiwa kwenye mashua akashushwa Pemba, ule mji wa bandari wa Msumbiji, na kanga moja mwilini.

Pemba alikutana na mtu wa kwao aliyekuwa amejificha karibu na njia ile. Alimwona Dalila. Alikuwa hai, anatembea, amebebeshwa gunia kichwani, katikati ya wanawake waliotekwa. Chamima akaishi kwa habari hiyo. Alipata pembe ya ua kwa ndugu wa mbali kwenye mtaa wa Paquitequete, akatandika mkeka, akaanza tena na vitabu vichache vya kuombaomba. Ulimi ulirudi, wateja wakarudi. Usiku tu ndio haukurudi kuwa usiku.

Mchuuzi mmoja wa Mtwara akamletea sanduku dogo, na ndani yake, miongoni mwa vitabu vipya, mlikuwa na riwaya ileile ya mke na sumu, nzima, haijaguswa. Chamima hakuikata. Aliifunga kwenye kanga akaiweka chini ya kitanda. Mariamo, mwenye ua, alimshangaa. "Si usome huo mwisho, roho ikupoe?"

"Kipande cha tano anacho Dalila," alisema Chamima. "Atakileta mwenyewe."

Ukweli ni kwamba Chamima alikuwa anaogopa. Aliona akiufungua ule mwisho peke yake atakuwa amemzika mwanawe kwa mkono wake.

Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena. Alasiri moja akafika mwanamke kijana, mwembamba, mwenye kovu shingoni, akasimama kando ya mkeka bila kutazama vitabu.

"Wewe ndiye Chamima wa vitabu? Watu wa Palma wamenielekeza kwako."

"Inategemea unataka nini."

"Nataka kujua kama yule mke alimwua mumewe."

Kitabu kikamtoka Chamima mkononi. Alimshika yule mwanamke kanga, akamvuta karibu. "Dalila yu hai?"

Yule mwanamke akapiga magoti mkekani. "Mimi naitwa Suzete, mama. Walinichukua kule Diaca, shambani. Naomba uniache nianzie mwanzo."

Hapo Chamima akajua. Mwenye habari ya heri haanzii mwanzo. Huanza na mwisho, tena huanza angali nje, anapiga kelele. Alimwachia ile kanga taratibu, akakaa. "Haya," alisema. "Anza."

Suzete akaanza. Alisema walikuwa wanawake wengi kambini, wakitwanga na kubeba. Dalila alikutwa na zile karatasi kiunoni, akapigwa, karatasi zikachomwa mbele yake. Lakini alikuwa amekwisha kuzisoma. Kesho yake, kwenye kinu, akaanza kuwasimulia wenzake kwa kunong'ona, mchi ukipanda na kushuka ili walinzi wasisikie. Kipande cha kwanza. Hakuwapa cha pili mpaka mmoja wao amsimulie cha kwanza chote bila kuruka. "Alisema ndivyo mnavyorudisha kwenu," alisema Suzete. "Mimi ndiye niliyekuwa narudisha vizuri."

Chamima akatikisa kichwa kuafiki. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Tukagombana, mama! Kimyakimya, lakini tuligombana. Mimi nilisema mke ndiye. Dalila akawa anacheka tu. Tulipofika kipande cha tano akakataa. Alisema mwisho uko kwa mama yake, anayeutaka asife, atoke, akautafute. Tulimchukia siku hiyo. Mwenzetu mmoja alikuwa ameacha kula. Baada ya hapo akala."

"Na yeye?"

"Homa, mama. Wanajeshi walipokaribia tulihamishwa, tukatembea kwenye mvua. Alikuwa hawezi. Tulimbeba kwa zamu. Alifariki alfajiri mapajani kwangu, na siyo kwa panga, nakuapia. Tulimchimbia kwa mikono. Mimi ni Mkristo, dua zenu sizijui, lakini alikuwapo aliyezijua, akamsomea."

Chamima akalia kwa sauti sasa, kilio cha mtu aliyekizuia misimu mingi, na Mariamo akatoka ndani mbio akamkumbatia. Suzete alikaa pale pale, ameinamisha kichwa, hakuondoka. Kilio kilipopungua akasema polepole, "Nisamehe, mama. Wenzangu wawili wametoka pia. Nimewaahidi nitawapelekea mwisho."

Mariamo alitaka kumfukuza. Chamima akamzuia kwa mkono. Aliingia ndani, akatoka na ile riwaya, akaifungua kanga. Wembe alikuwa nao. Alizihesabu kurasa kwa kidole gumba kama zamani, akakata, akamnyooshea Suzete kipande cha tano.

Suzete hakukipokea. "Kusoma sijui, mama."

Basi Chamima akasoma yeye. Mahakama imejaa. Mke amesimama, hana wakili. Kisha anaitwa shahidi ambaye hakuna aliyemfikiria, mtoto mdogo wa pwani, anaeleza kwamba usiku ule yule bwana alinunua kwake samaki kwa bei ya kutupa, akamkaanga mwenyewe jikoni kwa siri ili asimgawie mtu. Hakimu anamtaka mtoto aeleze samaki alivyokuwa. Mtoto anasema alikuwa wa mviringo, ukimgusa anajaa tumbo.

"Bunju!" Suzete alipiga kelele, akajiziba mdomo. "Alikula bunju! Sumu alijipa mwenyewe!"

Na kweli, yule samaki alikuwamo kwenye kipande cha pili, mstari mmoja tu, mtoto anapita na kapu na bwana anamwita. Mji mzima ulipita juu yake. Suzete akaanza kucheka huku analia. "Ndiyo maana alikuwa anacheka! Mshenzi yule, alikuwa anajua!"

Chamima alicheka naye, kicheko kibaya cha kuuma kifua. Alisoma mpaka neno la mwisho, maana sheria ni sheria. Alipomaliza akafunga kipande, akamwekea Suzete mapajani. "Wapelekee wenzio. Atakayeweza awasomee. Lakini wasimwambie mtu."

Kisha akainuka. Alichukua ndoo iliyokuwa mlangoni, akakunja kanga ngata, akaiweka kichwani.

"Unakwenda wapi, Mama Dalila?" aliuliza Mariamo. "Mtungi umejaa, nimeujaza asubuhi."

"Nimeshindwa," alisema Chamima. "Mwezi mzima."

Akatoka, akaenda kusimama kwenye foleni ya bomba nyuma ya wasichana wadogo.