Mfuko Mwekundu Kifuani pa Wifi

Fundi cherehani alianguka chini ya mashine yake akitapika. "Anajilegeza tu huyo mvivu," wifi yake alimwambia muuguzi wa ambulansi, mikono kiunoni.

Muuguzi akasoma bangili ya mgonjwa: tezi zake za juu ya figo hazitoi homoni ya kumweka hai. "Garini dawa yake hatuna. Sindano yake ya dharura iko wapi?"

"Nimeifungia kabatini. Nilidhani anajidunga madawa ya kulevya."

"Fungua, la sivyo ukachimbe kaburi!"

Fundi alidungwa pajani, na kila neno lao alikuwa amelisikia. Alipopona alimshonea wifi gauni alilokuwa akilidai, na kifuani akaweka mfuko mwekundu wenye sindano mpya.

"Si ulipenda kunifichia, wifi? Haya, sasa nifichie mbele za watu."