Maziwa ya Jioni Ndani ya Kompyuta

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nilianza kuuza maziwa kwa baiskeli. Nimelala Salgaa, kwenye kituo cha malori, chini ya lori la mtu nisiyemjua, nikaamka nikamuuzia chai. Leo nina tangi langu la kupoza maziwa hapa Lanet, na shule niliachia darasa la sita. Kwa hivyo kompyuta ilipokuja niliitazama kama ng'ombe mgeni: itazoea.

Kwetu maziwa ya asubuhi ni ya baba, ya jioni ni ya mama. Pesa za asubuhi natuma kwa simu ya mwanamume. Za jioni mama anachukua taslimu dirishani kwangu, anafunga kwenye leso, na hakuna anayeulizwa. Karo za watoto wengi hutoka kwenye hiyo leso.

Karani wangu alikuwa akiandika yote kwenye eksel, mstari wa baba na mstari wa mama, wote kwa namba moja ya simu ya boma, ile ya baba. Kisha nikataka makubwa. Nikanunua databesi, yenye tebo la wakulima na tebo la maziwa, orodha mbili zinazoshikana kwa namba ya mkulima.

"Weka namba ya simu," nikamwamuru karani. "Nani hana simu?"

Karani akahamisha kila kitu. Ijumaa mashine yenyewe ingetuma malipo yote kwa simu, ya asubuhi na ya jioni.

Alhamisi akina mama wakaja kuangalia hesabu zao. Hakuna hata mmoja aliyekuwamo. Waume zao walikuwamo, wamenona.

"Boss," akasema mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, "hii kompyuta yako ni ya kiume?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Pesa yangu ikiingia kwa simu ya yule mzee, sitaiona. Na wewe maziwa yangu hutayaona tena."

Nani angemwambia mwanamume arudishe pesa ya ng'ombe anayemwita wake?

Nikaita fundi, mwanamke wa Nakuru mjini. Akaja na kompyuta yake na chupa ya uji. Akatazama, akanywa, akatazama.

"Mzee, nani alichagua namba ya simu?"

"Ni mimi."

"Tebo la wakulima halikubali namba moja mara mbili. Baba aliingia kwanza. Mama akakuta mlango umefungwa, na mashine ikanyamaza. Maziwa yake yakafuata namba mpaka kwa baba."

"Basi yamepotea?"

"Hapana. Kila mstari bado umeandikwa jioni."

Akampa kila mtu namba yake mwenyewe, baba ya kwake na mama ya kwake. Akawarudisha akina mama kutoka eksel, pesa zao za kulipwa dirishani kama zamani. Akaandika maneno machache, akabonyeza.

Nimeona ndama wakifunguliwa, zizi zima likilia, na kila mmoja akaenda moja kwa moja kwa mamake. Ndivyo maziwa yale yalivyokwenda. Miezi yote, jioni zote, kila lita kwa mwenyewe, kabla sijameza mate. Nilivua kofia kama niko kanisani, ndani ya ofisi yangu mwenyewe.

Yule mama akainama, akajisoma kwenye kioo cha kompyuta.

"Hapo sawa. Lakini umetutisha, boss. Utatununulia soda."

"Wote?"

"Na mkate."

Fundi, soda na mkate: shilingi elfu kumi na tisa, mia nne na themanini.