Mama Mdomo Arudi Kwenye Televisheni

Dada yangu ni fundi cherehani, lakini watu wazima wa mtaani kwetu humwita Mama Mdomo. Jina hilo alilipata ujanani, alipoigiza kwenye kichekesho cha televisheni akiwa mke wa karani, mwanamke asiyeogopa kumsema diwani. Walikuwa wakiigiza ukumbini mbele ya watu, wapagazi na wauza mboga, na kila baada ya utani walinyamaza mpaka kicheko kiishe. Dada husema kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusema.

Mwaka huu kituo cha televisheni kimeanza kukirudia kichekesho hicho. Dada akafunika cherehani, akawaalika binti yake na mumewe, ambaye hajawahi kukiona. Huyu mkwe wetu ni fundi saa, mpole, hutembea kwa gongo tangu utotoni. Dada alitamani sana kijana huyu amjue alivyokuwa.

"Usiniaibishe kwa kusinzia," aliniambia. "Naogopa hawatacheka."

"Wasipocheka nitacheka mimi. Si ndiyo kazi ya mdogo mtu?"

Tukakaa. Kwenye kioo diwani akajisifu kwamba zahanati ina dawa tele. Dada, enzi hizo mwembamba kama sindano yake, akamjibu: "Dawa zipo, mheshimiwa. Ni wagonjwa tu hawajaonyeshwa zilikofichwa."

Mkwe alicheka mpaka gongo likaanguka. "Mama, hii mlirekodi juzi?"

"Juzi wapi, mkeo alikuwa hajazaliwa." Dada alitabasamu, halafu tabasamu likapungua. "Nilimwomba Mungu utani huo uchakae. Naona bado mpya."

Kisha akaingia mchota maji, anachechemea, ndoo inamwagika. Ukumbi ulicheka kupita kiasi. Dada wa kwenye kioo akasubiri, mikono kiunoni, akasubiri tena. Sebuleni binti alitazama sakafu. Kipande hicho dada alikuwa amekisahau kabisa, wala hata mimi sikukikumbuka. Akainuka, akazima.

"Nisamehe, baba," alimwambia mkwe. "Wakubwa tuliwasema kwa haki. Lakini huyu maskini alitukosea nini?"

Mkwe aliliokota gongo lake taratibu. "Yule bwana hata kuchechemea hajui, mama. Mara mguu wa kulia, mara wa kushoto. Angekuja kwangu nimfunze."

Binti akaficha uso kwenye mto wa kiti, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nami niliyekuwa naomba kimoyomoyo mkwe asiudhike nikajikuta nacheka.

"Lakini kimeniuma," mkwe akaendelea. "Kidogo. Sitakudanganya."

"Usinidanganye, mwanangu."

"Basi washa. Nataka kuona diwani alivyoanguka."

Dada alisimama mbele ya televisheni, mkono kwenye swichi.

"Hakuanguka, baba. Kilichoanguka ni kipindi. Wakubwa walikifungia."

Akawasha, akaja kukaa karibu na mkwe wake.