Fimbo Laini kwa Vibua

Ipo siku moja hainitoki akilini, mwanangu, nawe umenirudisha huko uliponiuliza ukanunue fimbo ya kuvulia ya urefu gani pale madukani Hamriya. Nilikuwa mke mpya, ndiyo kwanza nimeletwa Maskati kutoka Unguja, na nyumba niliyoingia ilikuwa na msiba. Mama mkwe alikuwa amefariki, na baba mkwe alikuwa hasemi wala hali. Anakonda mbele ya macho yetu, na mume wangu akihofia tutamzika naye.

Tulimbembeleza kwa pilau, kwa halwa, kwa mawaidha ya kila mgeni. Wapi! Anaitikia kwa kichwa, sahani inarudi ilivyokwenda.

Mimi tangu utotoni ni mdadisi. Kwenye kona ya ukumbi zilisimama fimbo za kuvulia, ndefu na fupi, nene na nyembamba, na nikawa najiuliza: mtu mmoja, zote hizi za nini? Mume wangu akaniambia wazazi wake walikuwa wakienda pamoja kuvua vibua kila Ijumaa asubuhi. Basi nikaona bora niende nikamvulie mimi, huenda samaki huyo akamshuka kooni. Nikachagua fimbo nene kuliko zote, maana niliona ngumu ndiyo itakayovua zaidi. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

“We mtoto! Hiyo utawararua midomo!”

Ni baba mkwe. Mume wangu akatoka chooni mbio na sabuni usoni.

“Kwani vibua wana midomo gani, Baba?” nikauliza. Wallahi sikufanya ujanja, nilitaka kujua.

Akainuka. Akanieleza kuwa mdomo wa kibua ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Ukimvuta kwa fimbo ngumu, ndoana inachana na samaki anakwenda zake. Fimbo laini hupinda, ikamchosha taratibu. Ile nene ni ya changu, anayekimbilia chini ya mawe, huyo lazima umzuie.

“Na urefu je?”

“Inategemea umesimama wapi. Juu ya majabali chukua ndefu, mshipi usikwaruze mawe. Gatini penye watu chukua fupi, usije ukang'oa kofia ya mwenzio.” Akaigusa moja. “Hii fupi ilikuwa yake.”

Akaketi tena nayo mapajani. Nikaogopa amerudi kule kule. Kisha akasema, “Ngoja nivae kanzu, twende.”

Tulirudi na vibua wachache tu. Nikawakaanga kwa ndimu na chumvi, akala, akaomba wali zaidi. Mimi nikaingia jikoni nikalia.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujatoa pesa dukani, jua kwanza unamtaka samaki gani, mdomo wake ukoje, na wewe utasimama wapi. Hapo fimbo itajichagua yenyewe. Na ukikutana na mtu aliyezidiwa na huzuni, usimlemee kwa maneno yako. Muulize jambo analolijua yeye, umuulize kwa sababu kweli unataka kujua, halafu utulie umsikilize. Tulimhubiria mzee yule mpaka tukachoka, kumbe hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kitu.

Mungu akujaalie riziki ya halali na mkono mwepesi. Na siku itakapokufika huzuni yako, akuletee mtu wa kukuuliza.